Kufyatua Picha Nyuma ya Pazia

Vijana huniuliza wanunue rimoti ipi ya kufyatulia kamera na flashi, na kila mara wanaponiuliza nakuta wameshainunua. Wanachotafuta ni mzee wa kuibariki. Juzi mmoja alinitolea boksi lake kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mahari.

"Shikamoo mzee. Hii inafyatua flashi kutoka goli hadi goli."

"Marahaba. Kwani unawapiga picha magolikipa wawili kwa wakati mmoja?"

Akacheka kwa ile adabu mnayowawekea wazee wenye maneno mengi, akaenda zake. Jumamosi akapiga harusi katika ukumbi wenye nguzo za zege na spika kubwa kila pembe, na rimoti ya goli hadi goli ikashindwa kufika kwenye keki. Alirudi kuniuliza kama imelogwa. Nilimwambia haijalogwa, imesifiwa tu. Boksi ni kama mgombea: lisikilize kwa heshima, kisha lipeleke mahali penye giza, nguzo na watu, ulione likifanya kazi.

Mimi nimestaafu na sina ninachouza, kwa hiyo mnaweza kunisikiliza bila kushika mifuko yenu. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Kamera iko hapa, taa iko pale, na wewe mpigapicha huenda uko mahali pa tatu. Nani atawaambia wote wafanye kazi kwa nukta moja? Ninyi mna mawimbi ya redio. Sisi tulikuwa na waya, jicho la umeme na mpira wa upepo, na vyote vitatu vilikuwa na tabia mbaya zinazojulikana. Hiyo ndiyo tofauti yetu na ninyi: tabia mbaya za vyombo vyenu mnazijua siku ya harusi.

Niliingia katika kazi hii kwa sababu ya maswali. Nilitoka Chuo Kikuu na shahada ya fizikia na ugonjwa wa kuuliza. Wakati ule taifa lilikuwa na majibu mengi sana, na lilitafuta vijana wa kuyabeba. Katika semina moja mtoa mada alitueleza kwamba kijiji fulani cha ujamaa kimevuna mara mbili ya mwaka uliopita. Nikanyoosha mkono, nikauliza mwaka uliopita kilivuna nini, ikiwa mwaka uliopita kijiji chenyewe kilikuwa pori. Nilipongezwa kwa uhai wa fikra. Baada ya hapo nikasubiri kupangiwa kazi, nikasubiri sana, hadi mama yangu kule Itetemia akaanza kunitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye mwanangu aliyesoma," kwa sauti ile ile ambayo watu hutumia kusema, "Huyu ndiye ng'ombe wetu aliyevunjika mguu."

Bwana Popat alikuwa na studio katikati ya mji wa Tabora, kati ya duka la vitambaa na duka la dawa la shemeji yake. Alizaliwa hapo hapo, na baba yake pia, na Kinyamwezi chake kilikuwa kinanyooka kuliko changu. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na wakulima waliotoka vijijini kavu kabisa walisimama mbele yake wakapigwa picha kama watu waliotoka kuoga. Chumba cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, na mtawala wake alikuwa mkewe, Mama Kusum. Filamu zote alisafisha yeye, picha zote alichapa yeye. Mumewe mwenyewe alikuwa anabisha hodi.

Siku niliyokwenda kuomba kazi Bwana Popat aliniuliza, "Umesoma nini?"

"Fizikia."

"Vizuri sana. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Basi tuanze na waya. Upande mmoja unachomeka kwenye kamera, upande wa pili kwenye flashi, na flashi unaiweka pembeni juu ya stendi, ili mtu asitoke kwenye picha kama aliyemulikwa na polisi akiruka ukuta. Waya hauhitaji betri yake mwenyewe wala hauingiliwi na jirani. Ubaya wake ni mmoja tu: waya uko sakafuni, na binadamu naye yuko sakafuni. Nililithibitisha hilo Urambo, siku ya kufunguliwa ghala la tumbaku. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa vitendo. Kila aliposema, "Ndugu wananchi, tusonge mbele," alisonga mbele kweli. Alipokaribia waya nilimpungia mkono kumwonya. Akadhani namshangilia, akanipungia naye. Akasonga tena, waya ukamzunguka kifundo cha mguu, stendi ikaanza kumfuata polepole kama mbuzi wa kuuzwa. Akasonga kwa mara nyingine, flashi ikaanguka juu ya marobota ya tumbaku na kuwaka yenyewe usoni mwa mgeni rasmi. Wananchi walipiga makofi kwa muda mrefu. Walidhani ndio ufunguzi.

"Waya ulikuwa wapi?" Bwana Popat aliniuliza niliporudi.

"Sakafuni."

"Na watu walikuwa wapi?"

"Sakafuni."

"Fizikia," akasema, akaendelea kunywa chai.

Kisha akanionyesha, na mimi nawaonyesha ninyi, maana wengine bado mnatumia waya betri zikiwaaibisha. Pitisha waya kando ya ukuta au chini ya mkeka. Kabla haujapanda kwenda kwenye flashi, uzungushe na kuufunga kwenye mguu wa stendi, chini kabisa, ili anayeukwaa avute mguu na si kichwa. Na juu ya mguu huo weka kitu kizito. Sisi tuliweka mfuko wa mchanga. Mpigapicha mmoja niliyemfahamu alikuwa anaweka mfuko wa unga, lakini hiyo ilikuwa kabla unga haujaadimika.

Jicho la umeme tulilipata kwa padri mmoja Mzungu aliyekuwa anaishi upande wa Kipalapala na wakati huo alikuwa anarudi kwao. Kilikuwa kidude kidogo kama kifuniko cha chupa. Unakichomeka kwenye flashi ya pili, unaiweka flashi hiyo mbali bila waya wowote, na mara flashi yako ya kwanza inapowaka kwenye kamera, jicho linauona ule mwanga na kuiwasha ya pili papo hapo. Kitabu chake cha maelekezo kililiita mtumwa, kwa kuwa hutii mwanga wa bwana wake. Bwana Popat alilisoma neno hilo, akatazama nje mtaani, njia ile ile ilikopita misafara ya pembe na ya watu waliofungwa, akakifunga kitabu. "Hapa Tabora hatutasema hivyo," alisema. Tukaliita jicho, basi.

Nililipenda jicho kwa mapenzi ya kijinga. Nilimweleza kila aliyekuja studio jinsi linavyofanya kazi, hata waliokuja kuulizia njia ya kwenda stesheni. Mara ya kwanza kulitumia ilikuwa mkutano wa wajumbe katika ukumbi mkubwa. Niliweka flashi yetu kubwa pembeni, juu, ikitazama meza kuu, na jicho lake limefunguka. Kando yangu alisimama Ndugu Maganga, mpigapicha wa ofisi moja ya serikali, ana kaflashi kake kadogo juu ya kamera, kamwanga kama ka kiberiti.

Sasa fikirini. Jicho linatii mwanga. Nani amewaambia kwamba linajua mwanga ni wa nani? Kila Maganga alipofyatua kaflashi kake, flashi yangu kubwa iliwaka kwa utiifu na kumwangazia wajumbe wote hadi safu ya nyuma. Mimi nilipofyatua sekunde chache baadaye, flashi yangu ilikuwa bado inajaza umeme, inanung'unika tu. Picha zangu zilitoka nyeusi kama chungu. Za Maganga zilitoka kila mjumbe ana kope. Ile siku niliuelewa ujamaa kwa vitendo: mwanga wangu, picha zake.

Alinijia mwishoni, mnyenyekevu, anatabasamu. "Ndugu yangu, leo kamera yangu imepata baraka, sijui imekuwaje."

"Mimi najua," nikamwambia.

"Kesho utakuwepo tena?"

Ndiyo maana, mtu akinionyesha rimoti mpya, siulizi inafika umbali gani. Nauliza: nani mwingine anaweza kuiamuru? Zenu zina chaneli, lakini wengi wenu mnaziacha kwenye chaneli ile iliyotoka nayo dukani, na mpigapicha mwenzenu naye ameiacha hapo hapo, kisha mnagombana kwa nini flashi zinawaka ovyo. Badilisha chaneli kabla hujatoka nyumbani. Halafu nauliza la pili: chombo hiki kikikataa, nitajuaje? Jicho letu lilikuwa halioni kwenye jua kali, na siku ya radi liliwasha flashi kila Mungu alipopiga picha. Lakini walau lilikataa au kukubali mbele ya macho yangu.

Swali la tatu sikufundishwa na Bwana Popat wala na Chuo Kikuu. Nalo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya.

Alikuja msichana studio, Rahma, amevaa buibui, pamoja na shangazi yake. Wa familia za Waarabu wa zamani wa Tabora, wale ambao mababu zao walikuja na biashara kutoka Omani wakasahau kurudi. Alikuwa ameolewa wiki ile, na wiki iliyofuata alikuwa anaondoka na mumewe kwa treni hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo Maskati. Kwenda Maskati wakati ule kulikuwa kuondoka, maana aliyekwenda hakuulizwa atarudi lini. Bibi yake aliyemlea, Bi Zuwena, alikuwa amekataa kwenda. "Kaburi la babu yako nimwachie nani alipalilie?" aliuliza.

"Nataka picha yangu na Bibi," Rahma alisema. "Hajapigwa picha maisha yake yote. Amekubali, ila ana sharti. Uso wake asiuone mwanamume. Chumbani asiuone, na kwenye karatasi asiuone."

Hapo fikra zangu zikachangamka, kama kawaida. "Lakini dada, picha inasafishwa. Anayesafisha lazima aone. Kwa mantiki hiyo—"

"Nitaisafisha mimi," ilisema sauti ya Mama Kusum kutoka chumba cha giza. "Wanaume wa duka hili hawataigusa. Endelea na mantiki yako."

Nikaendelea. Nikasema kwamba kama ni hivyo, basi kazi imekwisha: shangazi afundishwe kubonyeza, achukue kamera, akapige. Shangazi akafundishwa. Alikuwa mwepesi kuelewa kuliko wengi wenu. Alikwenda, akapiga, akarudisha kamera, na Mama Kusum akasafisha filamu. Tulingoja nje. Akatoa kichwa mlangoni.

"Kanga," alisema.

"Zote?"

"Ya kwanza kanga. Ya pili kanga. Ya tatu kanga, na jicho la Rahma."

Shangazi alieleza. Kila aliposimama nyuma ya kamera, mkono wa Bi Zuwena ulipanda wenyewe na kuvuta kanga usoni. Ulikuwa na kasi kuliko shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka na kufunga. Walijaribu kumweka Rahma abonyeze, mkono ukapanda. Walitumia ile saa ya kamera yenyewe, unayoitega kisha ukakimbilia kukaa. Ilipoanza kulia kama nyuki, mkono ukapanda. Mwishowe Bi Zuwena naye alikasirika. "Mimi nimekubali," aliwaambia. "Mkono ndio haujakubali. Nendeni mkamwambie huyo fundi wenu atafute namna ya kuuvizia."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: mwanamke aliyekubali na mkono uliokataa. Asiwepo mtu nyuma ya kamera. Asiwepo mtu chumbani mwenye kitu mkononi. Na Bibi mwenyewe asijue ni lini. Na mara moja tu, kwa sababu flashi ikishawaka ameshajua, na mkono hautadanganywa mara ya pili.

Bwana Popat alifungua kabati akatoa kitu nilichokuwa nimekicheka tangu siku ya kwanza: pampu ya mpira ya mkononi, kama ile ambayo daktari huiminya akikupima presha, yenye mrija unaoishia kwenye kisindano cha chuma. Kisindano unakifunga kwenye kitufe cha kamera. Ukiminya pampu, upepo unasukuma kisindano, kisindano kinasukuma kitufe. Haina betri wala mlio. Haina hata akili. Mrija wake ulikuwa unafika mezani tu, na sisi tulihitaji uvuke chumba, upite chini ya pazia, utokee ukumbini.

Tuliurefusha kwa mpira wa valvu ya baiskeli. Niliminya. Mpira ukavimba njia nzima, kama nyoka aliyemeza panya, na upepo ukaishia humo humo. Nikaleta ule mpira mpana ambao waashi huujaza maji kupima usawa wa ukuta. Pampu ikatoa pumzi, ikapotelea ndani yake kama hotuba katika ukumbi mtupu, kisindano hakikutikisika. Nikachukua kalamu, nikaanza kukokotoa ujazo. Bwana Popat alikwenda duka la dawa kwa shemeji yake, akarudi na mrija mpya wa dripu.

"Mwembamba, usimeze upepo," alisema. "Mgumu, usivimbe. Umeshamaliza hesabu?"

"Karibu."

"Ikitoka tofauti na hivi utaniambia."

Ilitoka hivyo hivyo. Nilichukia kidogo.

Siku yenyewe, baada ya sala ya adhuhuri, niliingia chumbani wanawake wakiwa upande wa uani. Kilikuwa chumba cha ndani, kuta nene za udongo zilizopakwa chokaa, dirisha dogo lenye nondo. Niliiweka kamera juu ya kasha, katikati ya vyombo, ikae kama chombo miongoni mwa vyombo. Flashi niliificha nyuma ya kabati, nikaigeuza itazame ukuta mweupe, mwanga ugonge chokaa na kurudi laini, maana uso wa mtu mzima si wa kumwagiwa mwanga kama ndoo ya maji. Waya mfupi kutoka kamera hadi flashi ukapita nyuma ya kasha. Mrija ukapita chini ya mkeka. Nikapima umbali hadi kitandani watakapoketi, nikapunguza tundu la lenzi kidogo ili hata wakisogea wasitoke ukungu, nikavuta shata, nikatoka. Nje ya pazia waliniwekea kigoda. Nikakaa nimetazama ukuta, pampu mkononi, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni.

Nikasikia nyayo, mkeka ukaguna, bangili zikagonga.

"Yupo?" ilikuwa sauti ya Bi Zuwena, kavu, ya juu.

"Yupo nje, Bibi," Rahma alisema.

"Wewe ndiye yule mtoto wa Itetemia uliyesoma?"

"Shikamoo Bibi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Mama yako hajambo? Nasikia unauliza maswali mpaka watu wanahama meza."

"Naambiwa hivyo."

"Na mimi uniulize basi. Tukikaa kimya huu mkono utajua."

Hapa niliona nilivyo kipofu. Mpigapicha husubiri jicho limwambie sasa. Mimi nilikuwa na ukuta wa chokaa na masikio mawili. Sikujua kanga iko wapi, mkono uko wapi, wanatazamana au wanatazama mlango. Nikauliza lile lililokuwa linanisumbua tangu mwanzo.

"Bibi, nimesikia zamani bibi harusi na bwana harusi hawakuonana mpaka siku ya ndoa. Mimi siamini. Watu wawili waoane bila hata mmoja kuchungulia?"

Rahma akasema kwa hofu, "Usimjibu, Bibi, huyu hana adabu."

"Ana adabu, hana subira tu," Bi Zuwena alisema. "Yeye hakuniona. Mimi nilimwona."

"Bibi!" Rahma alipiga kelele.

"Mlango wetu ulikuwa na tundu la fundo la mti. Alikuja kwa baba yangu kuposa, kanzu nyeupe, kilemba, jambia kiunoni, mtu mzima kabisa. Baba akaingia ndani kutafuta kahawa. Yule bwana akabaki peke yake uani. Akaja jogoo wetu." Sauti yake ilianza kukatika. "Jogoo akamtazama. Yeye akamtazama jogoo. Mara jogoo akamrukia, na babu yenu, mposaji, akapanda juu ya kinu! Amesimama juu ya kinu na jambia lake, anamwambia jogoo, 'Tafadhali'—"

Na hapo akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kile kabla wala baada yake. Kilianza kama kikohozi kisha kikafunguka, na cha Rahma kikapanda juu yake, na nikajua, bila ushahidi wowote ambao mwalimu wangu wa fizikia angeukubali, kwamba hakuna mtu duniani anayekumbuka kuficha uso wakati anacheka vile. Nikaminya.

Mwanga mweupe ukapita chini ya pazia hadi kwenye viatu vyangu.

"Yalaa!" Bi Zuwena alisema. "Wamenipata!" Na akaendelea kucheka.

Basi swali la tatu ndilo hilo. Kabla ya kununua rimoti, jiulize utakuwa wapi unapoibonyeza, na kutoka hapo utajuaje kwamba sasa ndiyo sasa. Ninyi mnakaa mbali kwa fahari, mnabonyeza na kubonyeza, kisha mnachagua nyumbani. Chombo kinachokupeleka mbali na mtu ni lazima kikuachie kitu kimoja cha kumfuatia: sauti, kivuli, hata harufu ya udi. La sivyo unafyatua ukuta.

Mama Kusum alijifungia na ile filamu alasiri yote. Mimi nilifagia studio kwa mara ya pili bila kuambiwa. Bwana Popat alijifanya anasafisha lenzi ambayo ilikuwa safi. Mlango ulipofunguka Mama Kusum alikuwa ameshika bahasha iliyogundishwa, negativu ndani, picha ndani.

"Imetoka?" niliuliza.

"Imetoka."

"Imetokaje? Kivuli cha kabati hakikuingia? Kulia kuna mwanga wa kutosha?"

"Imetoka kama picha," alisema, akavaa viatu, akaipeleka mwenyewe kwa miguu yake.

Mnajua ni adhabu gani kumwambia mtu asiyeamini chochote bila kukiona kwamba kazi yake imekamilika, ila hataiona? Kwa siku kadhaa nilikuwa na nadharia tisini. Huenda ilikuwa kanga tupu na Mama Kusum ananihurumia. Huenda kicheko kilikuwa cha shangazi.

Siku ya safari nilikwenda stesheni. Jukwaa lilijaa mizigo, kuku, na ndugu wa kike waliokuwa wanalia kwa zamu. Bi Zuwena hakuwepo. Alikuwa amesema kwaheri nyumbani na kufunga mlango. Rahma aliketi dirishani karibu na mumewe, macho yamevimba, bahasha mapajani. Alikuwa ameifungua. Nilijipenyeza hadi chini ya dirisha, na aliponiona akaigeuza picha kifuani haraka.

"Siombi kuona," nilimwambia. "Niambie tu."

Aliitazama tena, ameikinga kwa buibui. "Bibi anacheka," alisema. "Amefumba macho kabisa. Kumbe ana meno mawili tu upande huu, sikuwahi kujua."

"Na ule mkono?" niliuliza. "Mkono uko wapi?"

Filimbi ilikuwa imeshapigwa na mabehewa yameanza kuguna. Rahma aliinamia picha kama anayetafuta kitu, ingawa nadhani alikuwa ameshakiona zamani.

"Umeshika wa kwangu," alisema.